"Timu Moja Imenichania": Akili na Hesabu Nyuma ya Mkeka wa Simu

Jumapili moja usiku, mwezi wa kumi na moja, mpwa wangu aliingia uani kwetu hapa Newala, mkoani Mtwara, simu ikiwa inawaka mkononi. "Shikamoo mjomba. Hebu ona hii." Ulikuwa mkeka wa kubeti mpira wa timu 12, yaani dau moja linalolipa pale tu timu zote zikishinda. Alama za kijani zilikuwa zimejipanga kutoka juu hadi chini, 11 kwa hesabu, na kwenye mstari wa nane palikuwa na nyekundu moja. Dau lilikuwa shilingi 2,000. Kama ile nyekundu ingekuwa kijani, angekula 140,000. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoninyima usingizi. Mtu ameliwa hela yake, halafu anafurahi.

"Timu moja tu imenichania, mjomba. Maana yake njia nimeshaijua. Wiki ijayo siikosi."

Nimelifikiria sana hilo "maana yake" lake. Mpwa wangu si mjinga. Anaendesha bodaboda, anasimamia mikorosho ya mama yake, na marejesho ya pikipiki anayapiga kichwani haraka kuliko mimi na kikokotoo. Tukiona kijana amezama kwenye kubeti tunasema ni tamaa, ni uvivu, ni malezi. Mimi siamini hivyo tena. Ninavyoona, akili ileile inayomsaidia shambani ndiyo inayompoteza kwenye simu, kwa sababu michezo ya simu inamwonesha dalili zilezile alizozoea kuziamini, ila nyuma ya dalili hizo hakuna kitu.

Tuanze na mkeka wake. Tufanye kila timu aliyoichagua ina nafasi ya theluthi mbili ya kushinda. Hizo ni timu nzuri, vigogo wanaocheza kwao. Ukicheza timu moja, utakula mara mbili katika kila tatu. Ukiongeza ya pili, inakuwa theluthi mbili ya theluthi mbili, yaani mara 4 katika 9, na hapo umeshashuka chini ya nusu. Ukifika timu ya 12, mkeka mzima unatiki mara moja katika mikeka 130 hivi. Na ule wa kukosa timu moja tu? Huo hutokea karibu mara moja katika mikeka 22. Kwa kila mkeka unaotiki, kuna mikeka sita inayochanwa na timu moja.

Kwa hiyo kuchaniwa na timu moja hakuoneshi kwamba umekaribia. Ndivyo mikeka mirefu inavyokaa siku zote. Anayecheza mkeka wa aina hii kila wiki ataona "timu moja tu" mara mbili au tatu kwa mwaka, na atakula, kwa wastani, mara moja katika miaka miwili na nusu. Katika muda huo atakuwa ametoa 260,000 ili apate 140,000. Anayecheza kila siku ataiona ile nyekundu ya peke yake kila baada ya wiki tatu hivi, na wiki tatu ni muda mfupi sana kwa tumaini kupoa.

Ubongo wenyewe unashiriki katika udanganyifu huu. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Luke Clark wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakicheza mchezo unaofanana na dubwi, ile mashine ya kamari yenye picha zinazozunguka. Picha ziliposimama hatua moja tu kabla ya kulingana, sehemu za ubongo zinazochangamka mtu anaposhinda zilichangamka pia. Wachezaji walisema kukosa kwa namna hiyo kunaudhi, lakini hapohapo hamu yao ya kuendelea kucheza ikapanda. Shambani jambo hili lina faida kubwa. Mtoto anayerusha jiwe kwenye embe na kulikosa kidogo anapaswa kurusha tena, maana mkono wake unajifunza. Kukosa kwa karibu kunamwambia arekebishe kidogo. Mkeka haumfundishi mkono kitu chochote, lakini ubongo hauna njia ya kulijua hilo kwa kuangalia rangi za kijani na nyekundu.

Halafu kuna maelezo tunayojipa baada ya kuliwa. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Gilovich, alichunguza watu waliobeti kwenye mechi, akagundua kwamba walitumia muda mwingi kuzungumzia mechi walizopoteza kuliko walizoshinda. Ushindi waliuchukua ulivyo, kama ushahidi kwamba wanajua. Hasara waliichambua mpaka ikageuka kuwa kitu kingine: refa, penalti ya dakika ya 90, beki aliyeumia. Keti nusu saa kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, Masasi, Nachingwea au Lindi mjini, utasikia jambo hilohilo. Anayekula amekula kwa akili yake, na anayeliwa ameliwa kwa bahati mbaya. Mtu wa namna hiyo anaweza kupoteza miaka mitano bila kukutana na kosa hata moja la kwake mwenyewe.

Neno lenyewe pia linakwepwa. Huku kwetu Kusini wengi ni Waislamu, na kila aliyepita madrasa anajua kamari imekatazwa waziwazi katika Surat al-Maida, aya ya 90. Ila kijana atakwambia, "Mimi sichezi kamari, nachambua mpira." Na kweli anachambua, anajua nani kaumia na nani ana kadi. Shida ni kwamba kampuni nayo inajua, na maarifa hayo tayari yamo ndani ya odi aliyopewa, yaani ile namba inayozidisha dau lake akishinda.

Chukua pande mbili zenye nguvu sawa kabisa, kama kurusha sarafu. Odi ya haki ingekuwa 2.00 kila upande, lakini kampuni itakupa kama 1.90. Wewe ukaweka 1,000 huku, mwenzako 1,000 kule, kampuni imepokea 2,000, inalipa 1,900, inabaki na 100, ashinde yeyote. Hayo ni makato ya asilimia 5. Kwenye mkeka makato hayo yanakatwa upya kwa kila timu unayoongeza. Ukifika timu ya 12, katika kila 1,000 inayowekwa, wastani wa 540 tu ndiyo inayorudi kwa wachezaji. Ndiyo sababu kampuni hutoa bonasi kwa mkeka mrefu: unavyorefuka, ndivyo unavyowalipa wao zaidi. Wakulima wa korosho hakuna asiyejua makato. Ikiongezeka shilingi ishirini kwa kilo bila maelezo, mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha kuuza mazao, hautulii mpaka jioni. Kwenye mkeka makato ni 460 kwa kila 1,000, na hakuna anayenyoosha mkono kuuliza.

Nirudi shambani, kwa sababu hapo ndipo penye fundo lenyewe. Mkorosho ni mti wa kubahatisha, lakini juhudi zina nafasi. Maua yakianza kuchanua na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, anayepiga dawa ya salfa kwa wakati atavuna na aliyechelewa ataangalia maua yakikauka. Mtu anayeishi hivyo anajifunza, kwa haki kabisa, kwamba kuwahi, kuangalia kwa makini na kutokata tamaa kunalipa. Sasa mpe mtu huyo mchezo wa kindege.

Kwa asiyekijua: kwenye skrini ndege inapaa na namba inapanda nayo, 1.10, 1.50, 2.00, na kuendelea. Unatakiwa ubonyeze kutoa kabla ndege haijapotea. Ukiwahi, dau lako linazidishwa kwa namba uliyoishia. Ukichelewa, limeliwa. Kidole chako kinabonyeza, macho yako yanafuatilia, moyo unadunda. Kila kitu mwilini kinakwambia kwamba hii ni kazi ya ustadi. Lakini mahali ndege itakapopotea pameamuliwa na programu, na kidole chako hakipabadilishi hata kidogo. Tuseme mchezo umepangwa kurudisha 97 katika kila 100. Ndege itafika 2.00 mara 48 au 49 katika safari 100. Itafika 10.00 mara 9 au 10. Zidisha: 48.5 kwa 2 ni 97, na 9.7 kwa 10 ni 97 pia. Uwe mwoga ushuke mapema, uwe jasiri usubiri, wastani ni uleule. Hakuna salfa ya kupiga hapo.

Hisia ya kwamba mkono wangu una nguvu mahali usipo na nguvu ilipimwa zamani. Mwaka 1975 Ellen Langer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kuhusu watu walionunua tiketi za bahati nasibu za dola 1. Wengine waliachwa wachague tiketi wenyewe, wengine walipewa tu. Baadaye walipoulizwa wangeuza kwa kiasi gani, waliopewa walitaka wastani wa chini ya dola 2, na waliochagua walitaka zaidi ya dola 8. Nafasi ya kushinda ilikuwa ileile kwa wote. Kule kuchagua peke yake kulitosha kuipandisha tiketi thamani machoni pa mwenyewe.

Asilimia 3 ya kindege inaonekana ndogo ukilinganisha na mkeka, na wapo wanaohamia huko wakidhani wamepata nafuu. Angalia kasi. Safari moja ikichukua nusu dakika, saa moja ina safari 120. Mwenye dau la 1,000 kila safari amezungusha 120,000 kwa saa moja, hata kama alianza na 10,000 tu mfukoni, na asilimia 3 inakatwa kwenye mzunguko wote: 3,600 kwa saa, kwa wastani. Hasara inakuja imechanganyika na ushindi mdogomdogo kila dakika, na malipo yasiyotabirika, leo mara mbili mfululizo, kesho baada ya ishirini, ndiyo yanayomshika kiumbe kuliko yanayokuja kwa ratiba. B. F. Skinner alilionesha hilo kwa njiwa miaka mingi kabla ya simu za mkononi.

Juu ya skrini ya kindege kuna mstari wa namba za safari zilizopita. Nimewaona vijana wakizisoma kama mvuvi wa Mikindani anavyosoma upepo. "Imetoa ndogo mara saba, sasa inakuja kubwa." Mvuvi ana haki yake. Kusi ina mwisho, na baada yake kaskazi itakuja, kwa sababu pepo zinafuatana. Gunia lenye korosho nzima 50 na mbovu 50 nalo lina kumbukumbu: ukitoa mbovu kumi mfululizo bila kuzirudisha, nzima zilizobaki ni nyingi zaidi. Kindege hakina gunia. Kila safari inaanza upya, na mara saba zilizopita hazimo ndani yake. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, mpira wa gurudumu uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu waliteketeza fedha nyingi wakiweka kwenye nyekundu, kila mzunguko wakiamini kwamba "sasa lazima". Wanaosema dubwi likishiba linatema wanasema neno lilelile la Monte Carlo.

Wauzaji wa "odi za uhakika" kwenye magrupu ya simu niwaeleze kwa kifupi, kwa sababu ujanja wao ni rahisi. Mtu ana namba 800. Wiki ya kwanza anawaambia 400 kwamba timu ya nyumbani itashinda, na 400 wengine kwamba haitashinda. Kundi moja litaona amepatia. Wiki ya pili analigawa kundi hilo 200 kwa 200, ya tatu 100 kwa 100. Watu 100 sasa wameshuhudia kwa macho yao akipatia mara tatu mfululizo, na hao ndio anaowauzia. Aliyenunua hadanganyiki kwa uzembe. Ameona ushahidi wa kweli, ila hawaoni wale 700. Ndivyo ilivyo pia kwa picha za mikeka iliyotiki zinazozunguka mitandaoni. Iliyochanika haipigwi picha.

Yote hayo yanaweza kumkuta mtu na asiharibikiwe. Wapo wanaoweka 1,000 Jumamosi, wanaangalia mpira, wanalala. Mlango wa matatizo, kwa nilivyoona mimi, unafunguliwa na neno moja: kurudisha. "Nataka tu nirudishe hela yangu." Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara inauma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyofurahisha, na kwamba mtu aliye ndani ya hasara hukubali hatari ambayo angeikataa akiwa salama. Aliyepoteza 30,000 haoni tena 30,000 nyingine kama fedha mpya. Anaiona kama ufunguo wa ile ya kwanza. Akili inaiita hela iliyoliwa "yangu", wakati imeshakuwa ya mwingine tangu saa ileile. Hapo ndipo dau linapanda, usiku unakwenda, na simu hiyohiyo inayobeti ndiyo inayotoa mkopo wa papo hapo. Asubuhi kuna deni la mtandaoni, na la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani, na pikipiki ya bosi inasubiri hesabu.

Huku kwetu kuna msimu wake. Malipo ya mnada wa korosho yakiingia kwenye akaunti, kati ya Oktoba na Desemba, mtu aliyekaa miezi tisa na elfu mbili mbili anajikuta na mamilioni, ambayo kutoka benki hadi kwenye mchezo ni hatua chache za kidole. Zamani fedha ya korosho ililazimika kutembea. Ilipita mikononi, mke aliiona, duka la bati liliiona. Siku hizi inaweza kuondoka usiku mmoja bila mtu wa nyumbani kusikia chochote. Sheria inataka mchezaji awe ametimiza miaka 18, lakini laini ya baba ikiwa mkononi mwa mtoto wa kidato cha pili, sheria haimwoni.

Madaktari nao walichukua muda kulitambua jambo hili. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilihamishia kamari kwenye kundi la uraibu, pamoja na pombe na dawa za kulevya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inautaja ugonjwa wa kamari, na inatenga ule unaofanyika zaidi mtandaoni. Kuna dodoso la maswali tisa lililotengenezwa Kanada mwaka 2001 ambalo linatumika nchi nyingi. Linauliza kuhusu miezi 12 iliyopita: umeweka zaidi ya unachoweza kupoteza? Umerudi siku nyingine kurudisha? Umekopa au kuuza kitu? Nyumba imeyumba kwa sababu hiyo? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na anayefikisha 8 anahesabiwa kuwa ana tatizo kubwa. Watu hawa wamo pia katika hatari ya sonona na ya kujidhuru, kwa hiyo kuwacheka na kuwaaibisha kuna gharama. Hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ni mahali pa kuanzia kuulizia huduma ya afya ya akili.

Je, mawazo yaliyopotoka ndiyo yanaleta uraibu, au uraibu ndio unapotosha mawazo? Tafiti nyingi zinamuuliza mtu mara moja tu, na kwa njia hiyo huwezi kujua kipi kilitangulia. Mimi naona vinasukumana. Anayeamini kwamba amekaribia anacheza zaidi, na aliyepoteza sana anahitaji kuamini kwamba amekaribia, maana bila imani hiyo hasara yote inamwangukia kwa mpigo.

Mwaka 2004 watafiti wawili wa Australia, Raylu na Oei, walitengeneza kipimo cha mawazo ya wacheza kamari chenye mafungu matano. Manne niliyategemea: kudhani una udhibiti, kudhani unaweza kutabiri, kueleza hasara kwa upendeleo, kutarajia kamari ikuondolee dhiki. La tano lilinishtua: kuamini kwamba huwezi kuacha. Wameliweka pamoja na yale mengine, kama wazo linaloweza kupimwa na kuhojiwa. Tangu nilijue hilo, nimeacha kumwambia kijana yeyote "wewe umeshakuwa teja wa mikeka". Nilikuwa namkabidhi imani moja zaidi ya kubeba.

Hesabu hizi za 130 na 22 nilimwonesha mpwa wangu siku ileile. Alizielewa kabla sijamaliza, akanirekebisha mahali. Siku tatu baadaye alibeti tena. Kujua peke yake hakutoshi. Wazo linalompata mtu saa tano usiku akiwa ameliwa ni la mwili zaidi kuliko la hesabu. Kilichosaidia kidogo ni kitu cha kawaida mno. Jumamosi moja tulikaa chini ya mkorosho na daftari la shule, tukafungua ujumbe wa simu, ule wa "umetuma" na "umepokea", kuanzia Julai. Nilimuuliza kwanza amepoteza kiasi gani. Alisema, "Kama laki mbili, mjomba, na kidogo." Yeye alisoma, mimi nikaandika. Iliyotoka ilikuwa 1,386,000. Iliyorudi ilikuwa 512,000.

Hakusema kitu. Alichukua daftari na kalamu akaanza kuzungushia namba fulani. Nilidhani anatafuta kosa langu la kujumlisha. Alikuwa anazungushia zile kubwa, za 40,000, 60,000, moja ya 85,000, na pembeni ya kila moja akaandika saa iliyokuwa kwenye ujumbe. Saa nne na nusu usiku. Saa sita. Saa tano na dakika kumi. Karibu zote zilikuja dakika chache baada ya nyingine ndogo iliyotangulia kuliwa.

"Mchana sichezi kubwa," alisema. "Mchana nacheza mpira. Usiku narudisha."

Jumatatu tulikwenda tawini na mama yake, tukaomba huduma ya benki kwenye simu ifungwe kwenye akaunti ya korosho. Akitaka hela sasa inabidi apande barabara hadi benki, apange foleni, na benki imefungwa muda mrefu kabla ya saa nne usiku.